Maria alikwenda kutakaswa nini siku ya arobaini? Na shekeli tano za kifungua mimba mbona hazitajwi?

mama_cherehani (Morogoro)

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Na msio wa kwetu, habari zenu.

Nimepangiwa kuongoza tafakari kwenye jumuiya yetu juma la Sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, ile ya tarehe 2 Februari ambayo mishumaa inabarikiwa. Injili ni Luka 2:22 hadi 40. Miaka mingine tungesoma, tukashirikishana mawili matatu juu ya mzee Simeoni na nabii Ana, tukatoa nia, tukachanga, kila mtu kwake. Mwaka huu sioni kama itakwenda hivyo, maana pameingia jambo.

Kuna binti wa jumuiya yetu kajifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, siku chache kabla ya Noeli. Mtoto hajatimiza mwezi akaja naye misa ya pili, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kamfunika kwa kitenge kipya ambacho bado kinanuka duka. Mimi nilifurahi kumwona. Misa ilipokwisha, mzee mmoja (simtaji, ni mtu mwema akiwa hajaanza kufundisha) akamwambia mbele za watu angoje kwanza arobaini yake itimie, "hata Bikira Maria alingoja, wewe ni nani?" Binti hakujibu kitu. Tangu siku ile hajaonekana kanisani, na mama mkwe wake anashikilia kwamba mzee kasema kweli, imo kwenye Biblia.

Nimeisoma Walawi 12 mpaka ukurasa unataka kuchomoka. Yanayonitatiza ni haya. Tunafundishwa kwamba Maria hakuwa na doa la dhambi. Sasa ile "sadaka ya dhambi" aliitolea nini? Halafu Luka anaanza na siku za kutakasika, katikati anarukia kifungua mimba, kisha anarudi kwa hua wawili au makinda ya njiwa. Ndege hao ni wa mama au wa mtoto? Hesabu 18 inasema mtoto anakombolewa kwa shekeli tano za fedha, Luka hata hazigusi. Yosefu alilipa au hakulipa? Na mwisho, Mamajusi si walileta dhahabu? Mbona basi wanatoa sadaka ya wasio na kitu?

Naomba kueleweshwa. Msinitupie mistari mitupu, mistari ninayo.

chuma_cha_Mbeya

Dada, sheria ilitimizwa msalabani. Mwambie mzee asome Wagalatia. Habari imeisha.

mama_cherehani

Asante kaka, ila yule mzee Wagalatia anaijua kuliko mimi na wewe. Nikienda na hilo peke yake nitarudi mikono mitupu.

mwalimu_mstaafu_Tanga

Milele, amina. Mama, umeuliza vizuri, na umeshaona mwenyewe kwamba Luka kafunga mambo mawili pamoja. Nimefundisha somo la Biblia sekondari tangu nikiwa na nywele, na darasa lilikuwa linakwama palepale ulipokwama wewe. Tuyafungue.

Kuna sheria ya mama na kuna sheria ya mtoto. Zimeandikwa vitabu tofauti, zina siku tofauti na malipo tofauti.

Ya mama ndiyo Walawi 12. Akizaa mtoto wa kiume anakuwa najisi siku 7, sawa na siku zake za mwezi. Siku ya 8 mtoto anatahiriwa; hapo ndipo Yesu alipopewa jina, Luka 2:21. Baada ya hapo mama ana siku nyingine 33. Siku hizo kazi zake za nyumbani anafanya, ila hagusi kitu kitakatifu wala haingii patakatifu. Jumla 40. Zikitimia analeta mwana-kondoo wa mwaka mmoja awe sadaka ya kuteketezwa, na kinda la njiwa au hua awe sadaka ya dhambi. Kondoo akimshinda, ndege wa pili anashika nafasi ya kondoo. Kwa hiyo ndege wote wawili ni wa Maria. Mtoto hana ndege.

Ya mtoto iko Kutoka 13 na Hesabu 18:15-16. Kila wa kiume anayefungua tumbo la mama yake ni mali ya Bwana, kwa sababu ya usiku ule wa Misri. Punda akizaa kwanza anakombolewa kwa mwana-kondoo, la sivyo anavunjwa shingo (ndiyo, imeandikwa, Kutoka 13:13, vijana darasani walikuwa wanaupenda sana mstari huo). Mtoto wa mtu anakombolewa kwa fedha, kuanzia akiwa wa mwezi mmoja, shekeli tano, kwa kuhani. Kuhani yeyote, mahali popote. Sheria haikumtaka mtu asafiri na mtoto mpaka Yerusalemu kwa ajili hiyo. Tena angalia tarehe: fedha ya mtoto inadaiwa baada ya mwezi, mama anakwenda Hekaluni siku ya arobaini. Luka kayaleta yote kwenye safari moja, na hata anasema kutakasika "kwao" wakati Walawi inamtaja mama peke yake. Origene, mwalimu wa Kanisa la kale, alishaanza kusumbuka na neno hilo katika karne ya 3, usijione umechelewa kuelewa.

Sasa lile la dhambi, ambalo ndilo lililomfukuza binti wa watu kanisani.

Unajisi katika Torati si dhambi. Mtu akimzika baba yake, na kuzika ni wajibu, anakuwa najisi siku 7, Hesabu 19. Mume na mke halali wakilala pamoja wanaoga na wanakuwa najisi hadi jioni, Walawi 15:18. Nani hapo kakosea? Sasa nenda Hesabu 6, mtu aliyeweka nadhiri ya unadhiri, yaani ya kujitenga kwa ajili ya Bwana. Yuko zake, ghafla jirani anaanguka na kufa kando yake. Naye analeta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, mmoja sadaka ya dhambi, mwingine ya kuteketezwa. Ndege walewale wa Maria, na kosa lake ni kwamba mtu kafia karibu naye! Halafu linganisha miisho. Walawi 4, palipo na kosa la kweli, kuhani anatoa sadaka na mtu "atasamehewa". Walawi 12, mama anatoa sadaka na anakuwa safi. Kusamehewa hakumo, kwa sababu hakuna alichokosa. Kagusana na damu, na damu ndimo uhai ulimo. Mtu aliyekaribia mpaka ule wa uhai na mauti alikuwa anapewa njia ya kurudi patakatifu. Siku 40 na wale ndege ndiyo njia yenyewe.

Kwa hiyo Maria hakwenda kuungama. Alikwenda kufanya alichofanya kila mama wa Kiyahudi wa wakati wake aliyeweza kufika.

Nikipumzika mkono nitaandika la shekeli.

bint_Pangani

Mimi si Mkristo ila nimeona nichangie. Kwetu Waislamu mwenye nifasi (damu ya uzazi) hasali wala hafungi, na hakuna anayemwambia ametenda dhambi. Saumu atailipa baadaye, sala hailipi kabisa. Na damu ikikatika kabla ya arobaini anaoga anasali, hangojeshwi. Nasoma hapo juu naona kama mambo yetu na ya Mayahudi yana ujamaa.

mwalimu_mstaafu_Tanga

Yana ujamaa mwanangu, na umelieleza kwa mistari mitatu, mimi nimetumia ukurasa.

Nirudi. Mama wa cherehani, jambo lilivyokuwa pale Hekaluni tunalijua kutoka Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilishwa kama mwaka 200, yaani baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, lakini umehifadhi kumbukumbu za Hekalu likiwa bado linafanya kazi. Ua wa Wanawake uliishia kwenye ngazi 15, na juu yake lilikuwapo Lango la Nikanori. Wanawake waliotoka uzazini walisimama langoni hapo kutakaswa, pamoja na waliopona ukoma. Kulikuwa pia na masanduku 13 ya sadaka yenye midomo kama pembe, na mojawapo lilikuwa la jozi za ndege. Kwa hiyo zile picha za Yosefu akishika kikapu cha njiwa sizikatai, ila inawezekana vilevile kwamba mama alidondosha fedha sandukuni na makuhani wakamalizia wenyewe. Simeoni na Ana, kama Maria alikuwapo, basi kwa vyovyote walikutana naye upande huu wa ngazi, si ndani zaidi, maana mwanamke wa kawaida hakuvuka kwenda ndani.

Na kuna kisa cha bei ya ndege ambacho nakipenda. Wakati fulani jozi ya ndege Yerusalemu ilipanda mpaka ikauzwa kwa dinari za dhahabu. Dinari moja ya dhahabu ni dinari 25 za fedha, na kwenye Mathayo 20 dinari moja ya fedha ni kibarua cha siku nzima. Piga hesabu mwenyewe, ndege wawili! Rabani Shimoni mwana wa Gamalieli akaapa kwa Hekalu kwamba usiku ule halali mpaka bei ishuke hadi dinari ya fedha. Akaingia barazani akafundisha kwamba mwanamke mwenye deni la sadaka za uzazi mara tano alete jozi moja tu, inamtosha, zilizobaki hadaiwi. Bei ikaporomoka siku ileile, ikashuka hata chini ya dinari moja.

Hapo tunajifunza mambo. Wanawake wa mbali walikuwa wanalimbikiza, hawakuwa wanakimbilia Yerusalemu kila wakijifungua. Maria alikuwa Bethlehemu, kilomita kama 9 tu, ndiyo maana alifika kwa wakati. Na wauza njiwa walijua kumkamua mama aliyejifungua. Miaka mingi baadaye huyu mtoto akaingia Hekaluni akapindua viti vya wauzao njiwa, Mathayo 21:12. Sisemi ni kwa sababu ya jozi ya mama yake. Nasema bidhaa ni ileile.

mkunga_wa_zamani

Mwalimu shikamoo. Nimefanya kazi wodi ya wazazi mpaka kustaafu, nikaona leo nisome kimya. Lakini niulize: hao marabi wenyewe walisema mama anatolea nini sadaka ya dhambi?

mwalimu_mstaafu_Tanga

Marahaba mama. Wanafunzi wake walimuuliza Rabi Shimoni mwana wa Yohai swali hilohilo, liko kwenye Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, kitabu cha Nida 31b. Akawajibu: mwanamke akipiga magoti kuzaa, kwa uchungu ule anaapa kwamba hatamkaribia tena mume wake. Kwa kuwa kiapo hicho hatakitimiza, na alete sadaka. Baadaye alipingwa kwa hoja za sheria, lakini jibu limebaki.

mkunga_wa_zamani

Hahahaa! Rabi huyo alikuwa kasimama nje ya leba yangu. Viapo hivyo nimevisikia kwa lugha zote za mkoa huu, na mwakani namwona tena yuleyule na kadi ya kliniki. Na wengine waliapa na kumtaja mume kwa jina la ukoo.

Kwa upande wangu, mama_cherehani, mwambie mzee kwamba mwenye kichanga kukaa nyumbani ni jambo jema kwa sababu ya mwili wake na ya mtoto, apumzike, anyonyeshe, asibebeshwe ndoo. Hilo ni la kumwonea huruma. Kumfukuzia nyumbani kwa kumwita mchafu ni jambo lingine kabisa, tusilivalishe kanzu ya lile la kwanza.

niko_shambani

Wakuu, mimi nilikwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo, kule Arava, jangwani kabisa, pilipili hoho na tende. Hiyo sherehe ya kukomboa kifungua mimba bado wanayo, wanaiita *pidyon haben*. Nimeiona kwa macho, familia niliyofanyia kazi walipata mjukuu wakatualika na sisi vibarua.

Ilikuwa jioni, meza uani. Mtoto kaletwa kalazwa kwenye sinia ya fedha, nguo nyeupe tupu. Wanawake wakavua mikufu na pete zao wakampangia pembeni. Kisha kumzunguka wakaweka vitunguu saumu na vipande vya sukari. Nikadhani ni dawa ya mbu. Kumbe kila mgeni anaondoka na punje ya kitunguu na kipande cha sukari, anatia kwenye chakula nyumbani kwake, ili hata ambao hawakufika wawe wameonja karamu.

Kuhani alikuwa fundi umeme wa kijijini, nilishamwona juu ya ngazi akifunga taa za banda. Ukuhani wao ni wa ukoo, Hekalu hakuna lakini ukoo upo. Baba akatamka kwamba huyu ni mwanawe wa kwanza, mama yake kafungua naye tumbo. Fundi umeme akamuuliza, unataka nini zaidi, mwanao au zile fedha tano unazodaiwa? Watu wakacheka, baba akasema namtaka mwanangu, akamhesabia sarafu tano nzito za fedha. Kuhani akazipitisha juu ya kichwa cha mtoto, akasema hii badala ya hii, akambariki kwa ile baraka ya Hesabu 6, "Bwana akubarikie na kukulinda". Ndipo tukala. Tulikula haswa.

Waliniambia sherehe yenyewe ni adimu. Mtoto awe wa kiume, awe wa kwanza, asiwe ametanguliwa na mimba iliyoharibika, asiwe wa upasuaji (kwa sababu hapo hajafungua tumbo), na baba asiwe wa ukoo wa kuhani au Mlawi, wala mama asiwe binti wa mmoja wao. Wanaifanya siku ya 31.

mwalimu_mstaafu_Tanga

Kijana, ubarikiwe. Umenipa daraja la kupitia.

Masharti ya mwisho uliyotaja ndiyo jibu la kwanza ambalo wengine wanalitoa kuhusu shekeli za Yosefu. Elisabeti ni wa uzao wa Haruni, Luka 1:5, na malaika anamwita jamaa yake Maria, 1:36. Kwa hiyo, wanasema, Maria alikuwa na damu ya Kilawi na mtoto hakudaiwa. Mimi silipokei. Jamaa anaweza kuwa wa upande wa mama, wa shangazi, wa popote, na Luka mwenyewe hajaligusa.

Jibu la pili: Yosefu alilipa, Luka hakuona haja ya kuandika. Linawezekana. Lakini tazama uzito wa deni. Marabi walidai shekeli hizo kwa fedha ya Tiro, na kila moja ilikuwa sawa na dinari 4. Jumla dinari 20, vibarua vya siku 20, kwa seremala ambaye kondoo mmoja amemshinda. Mwandishi aliyejali kutuambia kwamba walitoa ndege badala ya kondoo angeyaacha malipo makubwa kuliko hayo bila sababu?

Sababu naiona. Soma 1 Samweli sura ya 1 na ya 2, halafu soma Luka 1 na 2 bila kupumzika. Hana, mama yake Samweli, anaimba, Maria anaimba, na maneno yanapokezana: wenye nguvu wanashushwa, wenye njaa wanashiba. Hana anampeleka mtoto Shilo nyumbani mwa Bwana, anamwacha huko. Eli mzee anawabariki Elkana na mkewe. Simeoni mzee anawabariki Yosefu na Maria. Mlangoni pa hema kuna wanawake wanaohudumu. Hekaluni yumo Ana asiyeondoka usiku na mchana. Samweli anakua akipata kibali kwa Bwana na kwa watu, 1 Samweli 2:26. Sasa fungua Luka 2:52 uone ni nani anayekua vilevile.

Samweli hakukombolewa kwa fedha. Alitolewa. Na Luka hatumii neno kukomboa kwa mtoto Yesu hata mara moja hapa, anasema "wamweke mbele za Bwana". Ndiyo maana kwangu shekeli tano hazikupotea. Luka amezinyamazia makusudi, kwa sababu anachotaka tuone ni mtoto ambaye hakununuliwa akarudishwa nyumbani. Miaka 12 baadaye wazazi wanamkuta Hekaluni na anawashangaa: hamkujua kwamba imenipasa kuwamo katika nyumba ya Baba yangu?

Wala si kwamba kumpeleka mtoto Hekaluni Luka kajitungia. Nehemia 10:36, watu wanaahidi kuleta wazaliwa wa kwanza wa wana wao nyumbani mwa Mungu, kwa makuhani.

Dhahabu ya Mamajusi haikusumbui tena ukiisoma Mathayo 2 polepole. Wanamkuta mtoto nyumbani, na Herode anaua wa miaka miwili na waliopungua. Ziara hiyo si ya wiki zile za kwanza. Siku ya arobaini walikuwa bado na mfuko wao uleule.

chuma_cha_Mbeya

Mwalimu nakubali mengi, ila hapo kwa "mzaliwa wa kwanza" mmejifunga wenyewe. Ukisema wa kwanza maana yake yupo wa pili. Luka 2:7.

mwalimu_mstaafu_Tanga

Hapana kijana. Kifungua mimba anadaiwa shekeli zake akiwa na mwezi mmoja. Kuhani angengoja wa pili azaliwe ndipo atoze? Jina hilo ni la cheo chake kwenye sheria. Huko Misri, Tell el-Yehudieh, liliokotwa jiwe la kaburi la mwanamke wa Kiyahudi aitwaye Arsinoe, la mwaka 5 kabla ya Kristo. Jiwe linasema alikufa katika uchungu wa kumzaa mzaliwa wake wa kwanza. Huyo wa pili angetoka wapi? Suala la ndugu zake Yesu libishaneni kwa mistari mingine, huu haukusaidii wala haunisaidii.

mama_cherehani

Mwalimu, mkunga, kijana wa shambani, Mungu awabariki. Nimenakili yote kwenye daftari. Ile ya fundi umeme nitaisoma kama ilivyo.

Ila yule mzee atanirudia na jambo moja, namjua. Atasema: sawa, si dhambi, lakini Kanisa si limerithi desturi? Na mama mkwe ataongeza kwamba zamani kanisani kwao mwanamke alikuwa anabarikiwa kwanza mlangoni ndipo anaingia. Hilo nami nimelisikia kwa bibi yangu.

mwalimu_mstaafu_Tanga

Bibi yako na mama mkwe wanasema kweli, baraka ya mama baada ya uzazi ilikuwapo, kwetu Wakatoliki na kwa Waanglikana pia. Ilikuwa ni shukrani, ingawa watu wengi waliichukua kama kibali cha kuingia. Na sikukuu yenyewe ya 2 Februari, kabla ya kalenda ya mwaka 1969, Waroma tuliiita ya Kutakaswa Maria. Sasa inaitwa ya Kutolewa kwa Bwana. Hesabu kutoka 25 Desemba, ukiianza hiyo kama siku ya kwanza, 1 Januari ni ya nane na 2 Februari ni ya arobaini kamili.

Lakini kwa mzee nenda na hili. Mwaka 601 Papa Gregori I alimjibu Augustino wa Canterbury, mmisionari wake kule Uingereza, aliyemwuliza pamoja na maswali mengine: mwanamke akijifungua, akae muda gani ndipo aingie kanisani? Jibu analo mtawa Bede kwenye historia yake ya Kanisa la Waingereza. Papa anaitaja Walawi 12, anaitaja siku 33 na 66, halafu anasema hizo zichukuliwe kwa maana ya fumbo. Mwanamke akiingia kanisani kushukuru hata saa ileile aliyojifungua, hana mzigo wa dhambi wowote. Anaongeza kwamba tukimkataza kuingia, tunaugeuza uchungu wake wa kuzaa kuwa kosa.

Hilo si la mtandaoni, wala si la vijana wa leo. Ni la papa wa karne ya 6 na ya 7. Mzee akitaka la zamani, hilo linamzidi.

mkunga_wa_zamani

Saa ileile jamani, papa naye angempa apumue kidogo. Lakini nimemwelewa.

mama_cherehani

Swali la mwisho kabisa, halafu nawaacha. Mmetaja 66. Aliyezaa mtoto wa kike ni siku 14 na 66, yaani 80. Wanawake wataniuliza kwa nini mtoto wa kike anazidisha mara mbili. Niwaambieje?

mwalimu_mstaafu_Tanga

Walawi inatoa hesabu, sababu haitoi. Wapo wanaosema mtoto wa kike naye atakuja kuzaa, kwa hiyo mama anahesabiwa siku zake na za bintiye. Wapo wanaosema tohara ya siku ya nane inakatiza siku za mtoto wa kiume. Nakupa kama nilivyopewa. Lakini waonyeshe mstari wa 6: akiwa wa kiume au wa kike, sadaka ni ileile moja, kondoo yuleyule, ndege walewale. Na Waethiopia wa Kanisa la Tewahedo mpaka leo wanabatiza mtoto wa kiume siku ya 40 na wa kike siku ya 80, kwa hiyo hesabu hiyo haijafa, imehamia kwenye ubatizo.

niko_shambani

Mama, jumuiya yenu ni siku gani? Nikiwa Moro nitakuja, vitunguu saumu nabeba mimi.

mama_cherehani

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kwa yule binti mwenyewe. Nimeomba tusalie kwake safari hii, kakubali. Vitunguu leta, sukari ninayo.